Chatu wa elfu nane na bedsita ya Roysambu

Swali: Daktari, habari ya kazi. Mimi ni dada wa miaka 26, naishi peke yangu kwenye bedsita huku Roysambu. Tangu shule ya msingi nimependa nyoka kuliko wenzangu walivyopenda paka. Sasa nina kazi, na kuna mtu wa Kitengela ananiuzia mtoto wa chatu kwa shilingi 8,000. Anasema ni mpole, na akinizoea atanijua kama mbwa. Sanduku la kioo nimeshaliona Gikomba. Nianzie wapi? Na je, chatu anamfaa mtu anayeanza?

Jibu: Dada, nianze na hilo la mwisho, maana huyo bwana wa Kitengela anaweza kukupigia simu kabla hujamaliza kusoma. Chatu huyo usimnunue.

Mtoto wa chatu anayeuzwa kwetu kwa simu na kuletwa na bodaboda, karibu kila mara ni chatu wa Afrika, yule yule wa mito na mabwawa yetu, aliyeokotwa porini. Akiwa mdogo ana nusu mita na kidogo, unamviringisha mkononi kama bangili na kila mtu anataka kupiga picha. Akikua anafika mita tatu, nne, wengine tano, na kilo hamsini kwake si ajabu. Isitoshe, katika chatu wote wanaofugwa duniani huyu ana sifa ya hasira za karibu. Agosti 2013, mjini Campbellton nchini Kanada, chatu wa aina hii alitoroka kizimbani katika nyumba iliyokuwa juu ya duka la wanyama, akapita kwenye mfereji wa hewa, akaangukia sebuleni walikokuwa wamelala watoto wawili wa kiume. Wote wawili walikufa. Bedsita yako ina ukubwa gani?

Na kukujua kama mbwa, hapana. Nyoka hana mapenzi ya kumpa mtu. Anachoweza kujifunza ni kwamba mkono wako si hatari na wala si chakula, basi. Ukiridhika na hilo utafurahi naye miaka mingi. Ukitaka zaidi ya hapo, kuna paka wengi Nairobi wasio na pa kulala.

Jambo la pili ni karatasi. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 haisemi kwamba nyoka ni mnyama mdogo kwa hiyo tufumbe macho. Kumweka mnyamapori bila kibali ni kosa, na kosa linamwangukia aliyekutwa naye, yaani wewe, huku aliyekuuzia akiwa ameshabadilisha laini ya simu. Kama unadhani serikali haijishughulishi na vijidudu, kumbuka kesi ya 2025 pale korti ya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta: vijana wawili wa Ubelgiji na watu wengine wawili walitozwa faini ya shilingi milioni moja kila mmoja, au kifungo cha miezi kumi na miwili. Walikutwa na sisimizi. Sisimizi, dada, wametiwa kwenye vichupa vyenye pamba.

Kwa hiyo safari yako ya kwanza si ya Kitengela, ni ya makao makuu ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, barabara ya Lang'ata. Nenda ukaulize ana kwa ana: ni aina gani wanaweza kumruhusu mtu binafsi kuweka, mahali pa kumweka pawe vipi, na hati gani zinatakiwa kwa nyoka aliyetoka nje ya nchi. Chatu na boa wote wamo katika orodha za mkataba wa CITES wa biashara ya kimataifa, kwa hiyo hata akiwa amezaliwa kizimbani Ulaya hawezi kuvuka mpaka bila makaratasi. Wakikwambia bedsita haifai, ukubali. Hutakuwa umekosa kila kitu: kuna Snake Park pale Museum Hill, na mtu anayekwenda mara kwa mara, akiuliza maswali ya maana, huishia kujuana na wanaowalisha wale nyoka.

Sasa tuseme umepewa ruhusa. Yupi?

Mimi ningekuelekeza kwa nyoka wa mahindi, Pantherophis guttatus. Kwao ni kusini-mashariki mwa Marekani, ambako huonekana kwenye maghala ya mahindi akifuata panya. Hana sumu, hukua hadi mita moja na robo hivi, wengine moja na nusu, na huishi miaka 15 hadi 20. Hula bila maringo. Joto lake si la kutisha: upande wa moto nyuzi 29 hadi 31, upande wa baridi 22 hadi 25. Akikuuma, na ipo siku atakuuma, ni kama umepita karibu mno na ua wa michongoma. Unanawa kwa sabuni, unaendelea na kazi.

Wengi watakutajia chatu mdogo wa Afrika Magharibi, Python regius, yule anayejikunja kuwa mpira akiogopa. Ni mpole kweli, wala hafanani kitabia na yule wetu. Lakini anataka joto zaidi na unyevu zaidi, na ana tabia moja inayowatoa machozi wanaoanza: anaweza kususia chakula miezi kadhaa bila ugonjwa wowote. Mzoefu anamwacha. Wewe utakuwa unanipigia simu saa nne usiku. Pia huishi miaka 20 hadi 30, na wengine hupitiliza. Mwaka 2020, katika bustani ya wanyama ya Saint Louis kule Marekani, jike aliyekadiriwa kuwa na miaka zaidi ya 60 alitaga mayai, na hakuwa amekaa na dume kwa angalau miaka kumi na mitano.

Yupo pia boa wa mchanga, Eryx colubrinus. Huyu ndiye ningemwita nyoka wa bedsita: dume ni nadra kupita sentimita 40, jike ni kama 60 au 70, na siku nzima anakaa amejifukia, macho tu yakichungulia juu ya mchanga. Wafugaji wa dunia nzima wanamwita kwa jina la Kenya. Ajabu ni kwamba Mmarekani anampata kwa mfugaji wa mtaani kwake, lakini wewe Mkenya huwezi kwenda Garissa ukamfukua ukarudi naye kwenye basi. Usijaribu. Aliyetolewa porini huja na kupe chini ya magamba na minyoo tumboni, na mara nyingi anakataa kula hadi afe.

Hapo wengine huniuliza, na huyu wa bure anayeingia jikoni kwetu, nyoka wa nyumba wa kahawia? Ni nyoka mzuri, hana sumu, anakula panya, na ukimtazama kichwani utaona mistari miwili hafifu kila upande, mmoja ukipita kwenye jicho. Lakini ni mnyamapori kama wengine, sheria ni ile ile. Kibaya zaidi ni kufananisha. Kuna nyoka mdogo mweusi wa ardhini, Atractaspis, anayeonekana mnyonge kabisa. Meno yake ya sumu hutokea pembeni hata mdomo ukiwa umefungwa, kwa hiyo ule mshiko wa nyuma ya kichwa unaouona kwenye video ndio hasa unaompa kidole chako. Dawa ya kuzuia sumu yake hakuna. Watu wamepoteza vidole kwa kujiambia, "Huyu namjua."

Na mla-mayai, kabla hujaniuliza: karibu hana meno, anameza yai zima na kulivunja kooni kwa mifupa ya uti wa mgongo, kisha anatema ganda. Inapendeza kutazama. Lakini akiwa mdogo hata yai la kware halimpiti mdomoni, anahitaji mayai ya ndege wadogo kabisa. Sisi tuliopoteza pesa zile siku za homa ya kware, kila mtu alipokimbilia kuwafuga, tunajua mambo ya mayai.

Sasa nifike kwenye kile ambacho ningekuambia hata kama ningepewa dakika moja tu. Nyoka hana jiko la ndani. Wewe ukila chapati usiku wa baridi, mwili wako unawasha moto wake na kuzisaga. Nyoka anategemea joto la nje hata kusaga chakula. Nairobi, pamoja na kwamba tuko karibu na ikweta, iko mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai kipimo hushuka hadi nyuzi 10 au 12 huko nje. Chumba cha mawe kinachotazama kusini ni friji.

Julai moja nikiwa kijana, nilikuwa natunza boa wa mchanga katika kituo chenye kibali. Alhamisi nikamlisha panya. Ijumaa jioni stima ikapotea, nami nikaenda zangu nyumbani nikijua itarudi. Ilirudi Jumapili adhuhuri. Nilipofungua mlango Jumatatu, harufu ndiyo iliyonipokea. Panya alikuwa katikati ya sanduku, nusu ameyeyuka, ametapikwa, na boa amejibana kwenye kona akiwa baridi kama kijiko. Alipona, lakini hakula tena kwa wiki sita. Kosa halikuwa la stima. Nililisha nyoka bila kuwa na njia ya pili ya joto, na sikuwa nimepima hata siku moja kwamba chumba kile kinapoa kwa kasi gani.

Ndiyo maana nakuomba uwashe sanduku tupu kwa mwezi mzima kabla ya nyoka yeyote. Nunua mkeka wa joto utakaofunika theluthi moja ya sakafu ya sanduku, uuweke chini upande mmoja, na uuunganishe na thamostati, kile kifaa kinachouwasha na kuuzima kulingana na joto. Bila thamostati usiuwashe kabisa: mkeka ukiachiwa unaweza kupanda hadi kuchoma, na nyoka ana kasoro ya kulala juu ya kitu kinachomuunguza tumbo bila kuhama. Weka vipimajoto viwili, kimoja kila upande, sakafuni anakolala nyoka, si vile vya kubandika juu ya kioo. Kisha chukua daftari. Andika namba saa kumi na moja alfajiri, saa nane mchana, na saa nne usiku. Siku moja ya wikendi zima stima makusudi kwa saa sita uone upande wa joto unafika wapi. Hapo utajua kama unahitaji betri ya akiba, au chupa ya maji moto iliyofungwa kwenye taulo na blanketi juu ya sanduku vinatosha kukuvusha.

Gharama ya tokeni isikutishe. Mkeka wa wati 20 ukiwaka saa ishirini na nne bila kupumzika hautafika uniti 15 kwa mwezi, na thamostati itauzima sehemu kubwa ya mchana.

Hilo sanduku la Gikomba, kabla hujalipa, angalia kifuniko. Nyoka akipitisha kichwa, mwili utafuata, na usiku mzima hana kazi nyingine ila kusukuma. Kifuniko kiwe na kufuli au vibanio, si jiwe juu. Kwa nyoka mchanga wa mahindi hata kontena la plastiki la lita 30, lenye matundu madogo uliyoyatoboa kwa chuma cha moto, ni bora kuliko kioo kikubwa, maana kwenye uwanja mkubwa mtupu mtoto huogopa na kuacha kula. Akikomaa atahitaji kama sentimita 120 kwa 60. Muweke bakuli zito la maji, na maficho mawili yanayombana vizuri, moja upande wa joto na lingine upande wa baridi. Ukimpa moja tu atalazimika kuchagua kati ya joto na usalama, na atachagua usalama.

Sakafuni tandaza gazeti kwa miezi ya mwanzo. Si zuri kwa picha, lakini utaona kinyesi, utaona utitiri, utaona kila kitu. Baadaye, kama unataka maranda, usiende tu kwa seremala wa jirani ukajaza gunia. Maranda mengi ya mtaani kwetu yana saiprasi na mtarakwa, na ile harufu nzuri ya mtarakwa ni mafuta yanayoudhi mapafu ya nyoka. Makapi ya nazi yanafaa.

Jambo moja la ploti: nyoka hana sikio la nje, lakini mtetemo anaupata kupitia taya na mwili. Kama una jirani mwenye spika za kutingisha vikombe, sanduku lisikae kwenye ukuta wake.

Chakula ni panya weupe waliofugwa, waliouawa na kugandishwa. Panya wa ploti hapana, hata akijileta mwenyewe, kwa sababu hujui alilamba sumu ya nani. Panya hai pia hapana: panya aliyetiwa kwenye kona anauma, na nimeshona nyoka waliotafunwa mgongo. Ukubwa wa panya uwe sawa na sehemu nene zaidi ya nyoka. Nyoka mchanga hula kila siku tano hadi saba, mkubwa kila siku kumi hadi kumi na nne. Utahitaji friza, na utahitaji kukubaliana na yeyote unayetumia naye friza hiyo. Mkebe wa aiskrimu wenye panya umevunja urafiki mmoja ninaoujua.

Jioni unamtoa panya kwenye friza na kumweka ndani ya friji, sehemu ya chini, alale humo. Kesho yake unamtia kwenye mfuko uliofungwa, ndani ya maji ya moto yanayovumilika kwa mkono, dakika ishirini au thelathini. Maikrowevu usiiguse: nje atapikika, ndani barafu, na anaweza kupasuka. Bonyeza tumbo kwa kidole, pasiwe na kigumu. Mkaushe. Mshike mkia kwa koleo refu, si kwa vidole, umlete polepole mbele ya maficho. Utaona ulimi ukianza kutoka haraka haraka, kisha ukatulia. Kichwa hakisogei. Halafu hutaona kitu, utasikia tu, na panya atakuwa ameshazungushwa mara tatu. Usivute, usipige picha kwa mwanga. Rudi nyuma ukae. Baada ya dakika chache atalegeza, ataanza kunusa mwili wa panya kutafuta kichwa, maana humeza kuanzia kichwani ili miguu ilale. Akimaliza atapiga miayo miwili mikubwa kurudisha taya mahali pake. Kwa saa 48 zinazofuata usimguse, la sivyo utakutana na ile harufu yangu ya Jumatatu.

Siku atakayofika, mwache wiki nzima. Hakuna kumshika, hakuna wageni wa kumwona. Mpe chakula baada ya hapo, na akila mara mbili ndipo uanze kumshika dakika tano tano. Macho yake yakiwa na ukungu wa samawati yuko karibu kujivua gamba, haoni vizuri, mwache tena. Gamba likitoka zima kama soksi, unyevu uko sawa. Likitoka vipande, unyevu ni mdogo. Mapovu mdomoni, au sauti ya kukoroma akipumua, ni kifua: mlete siku hiyo hiyo. Tafuta daktari anayepokea nyoka kabla hujampata nyoka, kwa kuwa hatuko wengi mjini.

Nawa mikono kila ukimgusa au ukigusa maji yake. Nyoka mwenye afya njema anaweza kubeba salmonela, na mtoto wa dada yako wa chini ya miaka mitano asimshike.

Kuhusu landilodi, mwambie mapema na kwa maandishi. Keiteka pia, maana yeye ndiye atakayeitwa siku majirani wakisikia. Usicheke hofu yao. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka, na katika kila ploti yupo mtu aliyezika jamaa kwa sababu ya moma au koboko. Wengine watakuuliza kama ni jini, na mzee wa Nyakach huenda akakusimulia Omieri, chatu aliyeheshimiwa kwao kwa kuhusishwa na mvua. Msikilize, ni hadithi nzuri. Na ukishindwa kumfuga siku moja, usimwachilie msitu wa Karura usiku. Nyoka wa kigeni aliyeachiliwa ama anakufa kwa baridi, ama, kama chatu wa Burma kule Florida, anakaa na kuzaana hadi awe balaa la nchi. Mrudishe kwa walioandika kibali chako.

Umeniandikia Mei, na hiyo ni bahati. Nenda Lang'ata wiki hii, majibu yao yakiwa yanakuja nunua mkeka na thamostati, na uwashe sanduku kuanzia Juni. Mwisho wa Julai nitumie picha ya kurasa za daftari, hasa namba za saa kumi na moja alfajiri. Kama upande wa joto haukushuka chini ya 28, na upande wa baridi haukushuka chini ya 20, tutaanza kuzungumza juu ya mfugaji gani mwenye hati. Kama ulishuka, niambie dirisha lako linatazama wapi, na sanduku umeliweka umbali gani kutoka hapo.